Jua la Ufipa na kiini cha seli

Mwaka huu baadhi yenu mliniuliza kwa nini mwenzenu mwenye ualbino anaruhusiwa kuvaa pama na kukaa kivulini wakati wa mpira. Mmoja akaongeza: "Ustadhi, mbona kwetu kuna baridi, jua si kali?"

Baridi inatudanganya. Joto la jua na mionzi yake ya urujuanimno ni vitu viwili. Mionzi hiyo haionekani wala haihisiwi, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu anaweza kuungua hapa huku anatetemeka.

Ndani ya kiini cha seli ya ngozi mna DNA yenye urefu wa kama mita 2, imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Maandishi yake yana herufi nne: A, T, C na G. Mionzi ikipiga mahali penye T mbili zinazofuatana, huzigandisha pamoja, na seli hushindwa kupasoma vizuri. Subhanallah, zipo protini za ukaguzi: hukata kipande chenye herufi zipatazo 30, kisha hukiandika upya kwa kunakili uzi wa pili. Protini nyingine, p53, huizuia seli isigawanyike mpaka kazi iishe, au huiamuru ife. Hatari ni pale mionzi inapoharibu maelekezo ya kutengeneza p53 yenyewe. Mlinzi akiondoka, seli mbovu huzaana, na saratani ya ngozi huweza kuanza hapo.

Wengi wetu tuna melanini, rangi inayojipanga juu ya kiini kama mwavuli. Mwenzenu ana kidogo sana au hana kabisa. Hali hiyo haiambukizi wala si laana (yaacheni maneno ya vijiweni). Ameirithi kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi.

Kanzu inamfaa kwa mikono yake mirefu. Lakini kofia yetu ya kushonwa haina ukingo. Masikio na shingo hubaki wazi, na vidonda vingi huota huko. Basi avae pama mpaka mlangoni pa msikiti. Losheni ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, ipakwe kabla ya kutoka nje. Mchezo wa nje usubiri baada ya saa 10 jioni. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kipelekwe hospitali, kisingoje likizo.