Gari la Kikundi: Tuagize Japani au Tununue Yadi?

Vikundi vya Likoni na Kisauni vimetuuliza: tukitaka pikapu ya kupeleka mboga Kongowea, si afadhali tununue linakotoka, tuepuke faida ya mwenye yadi?

Kwanza tuelewane. Kununua kiwandani hasa si jambo la kikundi. Hata AVA iliyo hapa kwetu Miritini huunganisha magari kwa mkataba wa kampuni nyingine; huendi getini na pesa ukatoka na gari. Wanaosema "nimeagiza moja kwa moja" wengi wamenunua gari la mtumba kwa mfanyabiashara wa Japani. Basi mtu wa kati bado yupo, ila humwoni.

Sasa hesabu. Bei mnayoonyeshwa mara nyingi ni FOB, yaani hadi gari lipakiwe melini kule. Nauli ya meli na bima ni juu yenu. Likifika Kilindini, ushuru haufuati risiti yenu. KRA ina orodha yake ya bei ya gari likiwa jipya, nayo hupunguza kulingana na umri. Mkibembeleza muuzaji akashusha bei, ushuru ni ule ule. Tena kodi hupandiana: ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, kisha VAT asilimia 16 juu ya jumla. Bado wakala wa kulitoa. Pesa zikipungua hapo gari linalala bandarini, na kulala kwake kunalipiwa. Hapa ndipo vikundi huumia: walichanga pesa za kununua, hawakuchanga za kutoa.

Na gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, hata liwe rahisi vipi.

Yadi ni ghali zaidi, lakini gari mnaliona na kuliwasha. Nendeni na fundi wenu, si wa yadi. Mwenye yadi huenda si mwenye gari, amewekewa tu auze. Ulizeni logibuku ina jina la nani kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza. Kwa gari la kwanza la kikundi, sisi tungechagua yadi.

Lakini jina ndilo kubwa. Tulikaa na kikundi kimoja Changamwe ambacho gari lao liliandikwa jina la mwenyekiti, ati yeye ndiye mwenye PIN. Mzee hakuwa mwizi hata kidogo. Alipofariki, wanawe walilichukua kama mali ya baba, na kina mama hawakuwa na karatasi hata moja. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kupata PIN yake chenyewe.

Maswali ya kujadili:
Pesa zetu zinatosha gari tu, au na kulitoa bandarini?
Mali tulizo nazo leo zimeandikwa jina la nani?