ELIMU KWA UMMA: Kwa Nini Simba wa Nembo ya Taifa Wamesimama

Mwananchi akitoa sarafu mfukoni hukutana na nembo ya taifa. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma wakiwa na mikuki, na kati yao ipo ngao. Wengi huona pambo tu. Lakini katika elimu ya nembo, iliyoanza kushika mizizi Ulaya katika karne ya 12, kila mkao wa mnyama una jina lake na huandikwa katika maelezo rasmi.

Mikao inayojulikana zaidi

• Aliyeinuka: yuko wima kwa miguu ya nyuma, makucha mbele, tayari kwa mapambano. Mfano ni simba mwekundu wa Uskoti.
• Anayetembea: mguu wa mbele wa kulia uko juu, mitatu iko chini. Simba watatu wa Uingereza hutembea hivyo, nyuso zikimgeukia mtazamaji.
• Aliyeketi: amekalia matako, miguu ya mbele imenyooka.
• Aliyejilaza: tumbo liko chini, kichwa kiko juu.
• Aliyelala usingizi: kichwa kimeshuka juu ya miguu ya mbele.

Kulia na kushoto huhesabiwa kwa aliyebeba ngao, si kwa mtazamaji. Kwa hivyo "kulia" kwa nembo ni kushoto kwa anayeitazama.

Hapa kwetu na kwa majirani

Simba wa Kenya wako nje ya ngao kwa sababu kazi yao ni kuihimili na kuilinda. Ndani ya ngao yumo jogoo aliyeshika shoka, na chini limeandikwa neno Harambee. Tanzania, ngao huhimiliwa na mwanamume na mwanamke. Uganda, ni swala na korongo mwenye taji.

Haya yanamhusu vipi mkazi?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake, na wananchi washirikishwe kabla ya bunge la kaunti kuidhinisha. Alama hizo hazipaswi kufanana na za taifa. Mchoro wa simba wawili walioinuka kando ya ngao, hata ukipendeza vipi, utakumbana na kizuizi hicho.

Vilevile, Sura ya 99 ya Sheria za Kenya hairuhusu nembo ya taifa kutumiwa katika biashara bila idhini ya maandishi. Wenye maduka ya uchapishaji wazingatie hilo kabla ya kupokea kazi ya kadi, risiti au fulana.

Mkazi anapoonyeshwa mchoro wa nembo kwenye kikao cha maoni, aulize: Mnyama huyu anafanya nini? Mkao wake unasema nini kuhusu watu wetu? Je, anaweza kudhaniwa kuwa wa taifa? Maswali hayo yaulizwe mapema, kwani nembo ikishapitishwa kuwa sheria, kuibadilisha ni kurudi tena bungeni.