Funza Mtoto Kusukuma Mpira wa Magongo Kabla ya Kuupiga

Mwalimu wa shule ya msingi huko Thika au Ruiru anayeanzisha mpira wa magongo sharti aanze na pasi ya kusukuma. Mtoto anayeinua gongo ili apige kwa nguvu anaweza kumng'oa mwenzake meno au kumuumiza jicho. Mpira halisi ni mgumu, wenye uzito wa takriban gramu 160. Kwa wanaoanza, tumia wa tenisi.

Mkono wa kushoto ushike juu ya gongo, wa kulia chini yake. Bega la kushoto lielekee kwa mpokeaji. Gongo liuguse mpira kwanza, ndipo liusukume, kwa upande bapa pekee. Mpokeaji akunje magoti, gongo lake likiwa chini.

Kabla ya mchezo, ondoa vijiwe uwanjani, kwani huurusha mpira juu. Kisha wapange wawili wawili, hatua tano kati yao. Wakizoea, wapeane pasi wakitembea.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 huhitaji angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mpira mmoja kwa darasa zima huwaacha wengi wamesimama tu. Kila wawili wakiwa na wao, wote hutokwa jasho.