Kuandika vita vya kesho ukiwa Likasi

Septemba 1961, Likasi ingali ikiitwa Jadotville, kombania moja ya askari wa Ireland waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ilizingirwa hapa na jeshi la Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Walikuwa watu wapatao 155, wakiongozwa na Pat Quinlan. Walishambuliwa asubuhi ya tarehe 13, wengi wao wakiwa kwenye misa, wakapigana hadi tarehe 17 walipojisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Ukitaka kuandika riwaya ya vita vya wakati ujao, yenye droni, roboti na vyombo vya angani, anza kwa kuyasoma mapigano hayo kabla hujafungua kitabu chochote cha silaha.

Tazama habari ya maji. Jua la Septemba lilikuwa kali na maji yalikuwa yakiisha. Helikopta moja ikafaulu kutua katikati ya risasi ikiwa imewaletea mengine. Walipoyaonja, yalikuwa na ladha ya mafuta, kwa sababu madumu yaliyoyabeba yalikuwa yamewahi kutiwa mafuta. Habari hiyo ni ya kiufundi kabisa: ni suala la ugavi, la vyombo, la usafi wa madumu. Hata hivyo msomaji haisomi kama somo. Anaisoma koo likimkauka. Wala hana haja ya kuambiwa injini ya helikopta ile ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Basi kila kitu cha kiufundi unachotaka kukiingiza katika sura, kiulize kinamnyima nini mhusika wako. Kimfungie njia moja ya kutokea, au kimlazimishe achague kati ya mawili yasiyopendeza. Kama hakifanyi hivyo, kiache daftarini hata kama ulikitafuta mwezi mzima.

Silaha nazo zina kipimo chao. Katika siku zile za 1961 Katanga ilikuwa na jeti moja tu iliyoweza kuruka, Fouga Magister, ndege ya Kifaransa iliyoundwa kwa ajili ya kufundishia marubani. Mbele ya ndege halisi za kivita za enzi hiyo isingefika mbali. Lakini Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita nchini, kwa hiyo ndege ya wanafunzi ikatawala anga la Katanga na kuwapiga watu waliolala kwenye mahandaki. Ukiandika kwamba mzinga wako una megawati 900, msomaji hana pa kuzilinganisha. Mwonyeshe ni nani hana mzinga kama huo, na anafanya nini anapousikia ukija.

Katika riwaya za kigeni za aina hii, mbili zinafaa kusomwa kalamu ikiwa mkononi. Ya kwanza ni Starship Troopers ya Robert Heinlein, iliyotoka 1959. Askari wake huvaa vazi lenye mitambo linalowafanya waruke juu ya majengo. Sura ya kwanza ni shambulio tupu: vazi linatumika, linaokoa, linaua. Maelezo ya jinsi linavyofanya kazi yanakuja sura kadhaa baadaye, wakati msomaji mwenyewe ameshaanza kuyatamani. Heinlein alijua kwamba maelezo yakitangulia ni mzigo, na yakingojewa ni zawadi.

Ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni The Forever War ya Joe Haldeman, ya 1974. Haldeman alisoma fizikia, kisha akapelekwa Vietnam, akajeruhiwa huko. Katika riwaya yake askari wanasafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na kwa kanuni ya Einstein muda wao unakwenda polepole kuliko muda wa walioachwa nyumbani. Mhusika wake mkuu anapigana miaka michache ya maisha yake, huku duniani inapita zaidi ya elfu moja. Ukiiondoa fizikia ile, hakuna riwaya. Kanuni moja tu, lakini imechimbwa hadi mwisho: mama anazeeka, lugha inabadilika, nyumbani panakuwa ugenini. Ningekushauri uchague kanuni moja kama hiyo na kuifuata hadi inakouma, kuliko kurundika mitambo ishirini.

Nasi tunayo ya kwetu. Mji huu umejaa watu wanaojua mitambo. Katika viwanda vya Shituru, shaba huganda kwenye sahani ndani ya maji ya asidi kwa nguvu ya umeme, na kituo cha Mwadingusha kimekuwa kikizalisha umeme kutoka mto Lufira tangu 1930. Mtu akiukata umeme huo, kazi ya shaba inasimama bila risasi kupigwa kiwandani. Lufira ni mto uleule ambao, mwaka 1961, vikosi vilivyotumwa kumwokoa Quinlan vilizuiwa kwenye daraja lake. Mwandishi akiviweka vitu hivyo viwili pamoja, bwawa la Mwadingusha na daraja, tayari ana ramani ya vita vya mwaka 2150. Wala hahitaji kubuni madini ya sayari ya mbali, maana Shinkolobwe, hapo jirani, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945.

Sasa tujaribu sentensi. Hii ni ya mwandishi aliyekwisha kufanya utafiti wake na anataka tuuone wote:

“Luteni Kabwe aliwasha droni yenye betri ya kobalti ya volti 48, uzito wa kilo 14, iliyoweza kukaa angani dakika 40.”

Na hii ni baada ya kumuuliza Kabwe ananyimwa nini:

“Betri zilibaki mbili. Moja ingeifikisha droni darajani na kuirudisha, kama upepo ungetulia. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine ya kupumulia ya Sajini Mwamba. Luteni Kabwe alikohoa, akatazama upande wa miti.”

Volti 48 zimetoweka. Lakini wewe mwandishi usizisahau. Ziandike kwenye daftari la pembeni, pamoja na hesabu ya risasi, maji, na umbali kati ya kambi na mto. Droni iliyoruka dakika 40 katika sura ya pili ikija kuruka saa mbili katika sura ya tisa, fundi wa simu wa Likasi atakifunga kitabu chako papo hapo, na atakuwa na haki. Na askari wa Kabwe wanauana kwa uhaba wa betri huku wamesimama juu ya kobalti, madini ya betri hizohizo. Jambo hilo usilihubiri hata mara moja. Acha hesabu ya betri ilionyeshe.

Mazungumzo ndipo maelezo hupenda kujificha. Wahandisi wawili wanaoambiana mambo ambayo wote wanayajua, “kama unavyofahamu, mkubwa, mtambo huu…”, wafutwe. Mwenye haki ya kueleza ni anayebishana, anayemzuia mwenzake asiguse waya, au mgeni aliyekosea. Na waongee kama watu wa hapa. Fundi wa Katanga hasemi kwamba chanzo cha nishati kimefikia ukomo. Anasema, “Mukubwa, batri ilisha kufa,” na kijana aliye nyuma yake anajua la kufanya.

Rasimu ikikamilika, mtafute mtu asiyejali silaha, shangazi au mwalimu wa mtaani, umsomee kwa sauti. Usimuulize kama ameelewa. Weka alama ya kalamu kila mahali anapoangalia pembeni, na nyingine kila anapouliza, “Halafu?” Kwenye alama za kwanza kata nusu ya maelezo, kisha usome tena. Kwenye za pili unaweza kuongeza mstari mmoja wa kiufundi, kwa kuwa hapo ameshakupa masikio yake.