Tangi la maji juu ya mawe ya Nyiragongo

Mwishoni mwa 2022, watu waliokimbia vita vya Rutshuru walipojaa Kanyaruchinya, nje ya mji wa Goma, Kongo, nilipewa kazi ya kufikisha maji na vyoo. Nikaanza kwa kuhesabu malori. Kumbe malori si shida: kutoka Ziwa Kivu si mbali, na barabara ya Rutshuru inapita palepale. Safari yenyewe inaanza lori likishasimama, kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo yasiyokubali gurudumu wala jembe.

Siku hizi napanga kinyumenyume. Kwanza nabeba bidoni ya lita 20, imejaa, toka koki itakapokaa hadi kwenye mahema ya mwisho. Nikitua njiani mara tatu, koki inasogezwa. Hesabu inafuata: lita 15 kwa mtu kwa siku, kiwango cha Sphere, mwongozo wa misaada ya dharura. Lori la lita 10,000 linatosheleza watu 666 tu, hapo hujapata pancha.

Tangi la mpira ndilo lililoniaibisha. Tulipolitandaza, mama mmoja akasimama kutuangalia. "Mwanangu, munalilaza juu ya visu?" Nikacheka. Asubuhi tukalikuta limelegea, maji yote yamenywewa na mawe. Sasa nasawazisha kwa mawe madogo, namwaga changarawe nyeusi, kisha udongo uliochekechwa, kimo cha shibiri, na turubai mbili juu. Udongo huo uwekee bajeti; juu ya lava unanunuliwa kama saruji.

Choo usichimbe. Utavunja nyundo upate shimo la kuku. Kiinue juu kwa ukuta wa mawe yaleyale, pipa chini, ngazi fupi zenye mkono wa kushikia, maana wazee wanapanda usiku. Pesa ya kunyonya pipa itengwe kabla ya pesa ya mlango.

Mbao na turubai mpe mwenye chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Kushuka na kabichi za Kibumba, chukudu inajiendesha; kupanda inasukumwa na watu wawili, wakati mwingine watatu. Bei ya kupanda si ya kushuka, usibishane.

Klorini, koki na viraka vya tangi vinalala hukohuko juu, si bohari ya mjini. Tarehe 22 Mei 2021 lava iliikata barabara ya Rutshuru kwa usiku mmoja.