Chuo Kikuu: Nyumbani au Ng'ambo?

Matokeo ya Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, katika nyumba nyingi za Wakristo wetu huanza mashauri mazito. Kijana amefaulu, Mungu ashukuriwe. Lakini aende kusoma wapi? Baba ataja Iringa au Dar es Salaam, mjomba ataja India au Uchina, na kijana mwenyewe moyo wake umekwisha kuvuka bahari. Juma hili twapenda kulichungua jambo hili pamoja na wasomaji wetu, maana ndani yake zimo fedha za jasho, amani ya nyumba, na mwenendo wa roho ya kijana.

Tulitazame mahali panapojulikana. Kichiwa ni kata ya wakulima, katika nchi ya Njombe na Makambako. Katika nyanda zile za baridi mali ya nyumba aghalabu haiko benki. Imo shambani: mahindi, viazi, maparachichi, na miti ya mbao. Msindano hutaka miaka kumi na mitano au zaidi kabla haujatoa mbao nzuri. Ukiuzwa ungali mchanga, mnunuzi hutoa bei ya kutupa, na mwenye shamba hana la kumjibu, kwa kuwa mwenye haraka ni yeye. Basi mzazi akikata shamba lote la miti ili kumlipia mtoto mmoja mwaka wa kwanza wa masomo ya ng'ambo, yatupasa kumwuliza kwa upole: mwaka wa pili utalipwa na nini? Na wadogo zake watasomeshwa na miti ipi?

Swali hili si geni. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo umo nchini Algeria. Baba yake hakuwa tajiri. Augustino alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo, baba akitafuta fedha za kumpeleka Karthago. Watu walimsifu sana baba huyo kwa kujitoa kupita uwezo wake. Lakini mwana mwenyewe, katika kitabu chake cha Maungamo, asikitika kwamba baba alijali sana mwanawe awe msemaji hodari, asijali mwenendo wake mbele ya Mungu. Huko Karthago kijana alipata elimu, akapotea pia. Baadaye alivuka bahari hadi Roma na Milano, akabatizwa Milano mwaka 387, na mwaka uliofuata akarudi Afrika, akawatumikia watu wa kwao mpaka kufa kwake, akiwa askofu wa Hippo. Twaona basi kwamba safari peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema wala mbaya. Kubwa ni kujua anakwenda kutafuta nini, na atarudi na nini.

Hali kadhalika tuwaangalie wakubwa wetu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akarudi kufundisha Tabora. Mwaka 1949 ndipo alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akapata shahada, akarejea, akafundisha Pugu. Laurean Rugambwa alipata upadre mwaka 1943, akafanya utume kwanza, kisha akapelekwa Roma kusomea sheria ya Kanisa. Mwaka 1960 akawa kardinali. Wote wawili walisoma karibu, wakafanya kazi, na ndipo wakaenda mbali kwa sababu iliyokwisha kujulikana.

Lakini tusiseme kwamba njia ni hiyo moja tu. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akiwa msichana wa miaka ishirini, akasoma sayansi katika chuo cha masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Alirudi Kenya mwaka 1966, na shahada yake ya udaktari akaipatia Nairobi mwaka 1971. Elimu aliyoipata kotekote aliitia katika udongo wa kwao kwa kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo tukumbuke tofauti ya nyakati. Mwalimu alipokwenda Edinburgh, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, kikianza na somo la sheria tu. Watu wa zamani walikwenda ng'ambo kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mlango. Leo milango ipo. Mtoto wa Kichiwa aweza kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, uganga Muhimbili au Bugando, ualimu Mkwawa kule Iringa. Kanisa nalo lina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Mwanza, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha papo hapo Iringa. Kwa hiyo mtu wa leo anayetaka kuvuka bahari hana budi kutoa sababu, na sababu yenyewe iwe ni kazi anayoitafuta, wala si sifa ya kupanda ndege.

Kwanza, basi, ichaguliwe kazi, ndipo pachaguliwe mahali. Atakaye kuwa wakili wa watu wetu anahitaji kujua sheria zetu za ardhi na mirathi, ambazo hazifundishwi kwa kina katika nchi za wengine. Atakaye kuwa bwana shamba afadhali ajifunze katika udongo atakaoutumikia. Lakini ikiwa somo ni la nadra, lenye vyombo ambavyo hapa havijapatikana, au kijana amepata ufadhili ulio thabiti, kumzuia ni kosa. Wahenga walisema, tembea uone. Hasa kwa shahada ya pili na ya tatu, mtu aliyekwisha kukomaa na kujua shida za kwao huchota mengi ng'ambo.

Pili, zihesabiwe gharama zote. Bwana wetu alitufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, aketi kwanza na kufanya hesabu. Ada ya chuo ni mwanzo tu; yapo malazi, chakula, bima, viza, na nauli ya kurudi. Katika nchi nyingine mwaka mzima hupita katika kujifunza lugha tu. Tena mikopo ya serikali, iliyo chini ya Bodi iliyoanza kazi mwaka 2005, huwalenga hasa wanaosoma katika vyuo vya nchini. Na msiba haupigi hodi: mwaka 2022 vita viliwakimbiza wanafunzi Watanzania kutoka Ukraine, na mwaka 2023 wengine kutoka Sudan.

Tatu, wajumbe wa vyuo wasiaminiwe kwa maneno matamu. Kabla ya kutoa hata senti moja, mzazi aulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo kile kinatambuliwa. Tume hiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa waendao kusoma ng'ambo, nayo ndiyo hulinganisha shahada za huko na za hapa. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi iliyonunuliwa kwa shamba la miti.

Nne, roho isisahauliwe. Nyumbani kijana hukuta wenzake wa TMCS, padre mlezi, na Misa katika lugha yake. Aendaye ng'ambo aondoke na barua ya paroko wake, na juma la kwanza atafute kanisa kabla hajazoea kukaa bila kanisa. Wala wa nyumbani asijivune. Hata Dar es Salaam kuna wanaopotea.

Twawashauri wazazi wafanye hivi. Jioni moja, baada ya sala, baba, mama na kijana waketi na karatasi, na mtoto wa kike asikizwe sawasawa na wa kiume. Waandike majibu ya maswali haya:

1. Kijana anataka kufanya kazi gani, na watu gani wataihitaji?
2. Je, somo hilo halipatikani katika vyuo vya nchini?
3. Fedha za miaka yote zitatoka wapi, si za mwaka wa kwanza tu?
4. Wadogo zake watabakiwa na nini?
5. Tume imekitambua chuo hicho?
6. Atasali wapi, na nani atamwangalia akiugua?

Majibu yote yakiwa mema, aende na baraka za wazazi, wala asisahau kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Swali moja likikosa jibu, aanze nyumbani bila kuona haya, na miti ya Kichiwa iachwe ikue.