IGBT Zikiungua Tena, Kagua Transfoma Ndogo ya Mkondo

Mashine za kuchomelea za inverta zinapendwa na mafundi wa milango na mageti, Kamembe kama ng'ambo ya mto huko Bukavu, kwa sababu ni nyepesi: unaitia begani na kuvuka nayo daraja la Rusizi. Ikiharibika, mara nyingi fundi akiifungua anakuta IGBT, zile transista zinazowasha na kukata mkondo, zimepasuka. Anaweka mpya, mashine inawaka, inachoma vijiti viwili vitatu, kisha zinapasuka tena. Kabla ya kununua jozi ya tatu, tazama kifaa ambacho wengi hukiruka: pete ndogo ya feriti iliyopitiwa katikati na waya mmoja mnene, na kuzungushiwa waya mwembamba mizunguko mingi.

Hiyo ndiyo transfoma ya kupima mkondo. Tuseme waya mnene unapitisha ampea 40 na ule mwembamba una mizunguko 200. Upande wa pili utatoa ampea 0.2, ambazo zikipita kwenye rezista ya ohm 5 zinatoa volti 1. Chipu ya uongozaji kama UC3845 ikiona volti 1 kwenye mguu wake wa kupima mkondo, inakata mpigo papo hapo. Transfoma ikitoa taarifa ya uongo, chipu haina namna nyingine ya kujua, na IGBT ndizo zinazolipa.

Inadanganyaje? Katika vituo vya umeme vya Ruzizi I na Ruzizi II transfoma za mkondo zipo pia, kubwa zaidi, lakini huko umeme ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Usumaku ukipanda upande mmoja, nusu ya pili inaushusha. Mashine nyingi ndogo za kuchomelea hazina bahati hiyo: mkondo unakuja kwa mipigo ya upande mmoja tu, makumi ya maelfu kwa sekunde, na kila mpigo unasukuma usumaku wa kiini, yaani ile pete ya feriti, mbele kidogo. Ni kama msumeno unaosukumwa bila kuvutwa nyuma. Kiini kikishiba, upande wa pili hautoi tena ishara hata kama ampea 100 zinapita katikati.

Kwa hiyo katika muda mfupi ambao IGBT imezimwa, kiini lazima kirudishwe nyuma. Kazi hiyo inafanywa na vitu viwili vya bei ya chini kabisa. Dayodi inaruhusu ishara ifike kwenye rezista ya ohm 5 wakati wa mpigo, kisha inafunga njia mpigo unapokatika. Rezista nyingine, mara nyingi kiloohm 1 au zaidi, imekaa sambamba na koili yenyewe ya waya mwembamba. Humo ndimo usumaku unamwagia nguvu yake kwa volti iliyogeuka upande.

Hesabu yake ni nyepesi. Wakati wa mpigo koili inabeba volti 1 ya ishara na 0.7 ya dayodi, jumla 1.7. Mpigo ukidumu maikrosekunde 9, ni volti-maikrosekunde 15.3. Mapumziko yakiwa maikrosekunde 11, volti ya kurudisha lazima iwe wastani wa 1.4 hivi. Mapumziko yakibaki maikrosekunde 2 tu, inatakiwa zaidi ya volti 7. Kadiri mpigo unavyorefuka, ndivyo rezista ya kurudisha inavyohitaji kuwa kubwa.

Makosa ya karakana huanzia hapa. Rezista ya kiloohm 1 ina rangi za kahawia, nyeusi, nyekundu. Ikishapigwa na joto miaka kadhaa, nyekundu inafanana na kahawia, na fundi anaweka ya ohm 100. Mashine itawaka, lakini kiini kinaweza kubaki karibu na kushiba, na feriti ikipata moto hushiba mapema zaidi. Dayodi ikipiga shoti ni mbaya kuliko hapo, kwani kiini hakirudi. Rezista ya kurudisha ikikatika, volti ya kinyume inaruka juu hadi dayodi ishindwe.

Usiwaamini wapimaji wa haraka. Ukigusa dayodi hii kwa multimita ikiwa kwenye bodi, utaona shoti pande zote mbili hata kama ni nzima, kwa sababu koili na ile rezista ya ohm 5 zimeizunguka. Rezista ya kurudisha nayo itakusomea ohm chache za koili. Nyanyua mguu mmoja wa kila kimoja ndipo upime. Angalia pia pete yenyewe kama ina ufa.

Mwenye osiloskopu afanye jaribio kwa umeme mdogo uliotenganishwa na ule wa ukutani. Ishara ya mpigo ipande au ibaki palepale. Ikianguka katikati wakati mkondo bado unapita, kiini kimeshiba. Baada ya mpigo, kwenye koili lazima uone volti ikigeuka. Mashine yenye dayodi nne baada ya koili ni ya aina nyingine: mkondo wake unakwenda na kurudi, haihitaji rezista hii, ila dayodi moja ikikatika nusu ya mipigo haionekani kwa chipu.

Tahadhari: kapasita kubwa zinabaki na volti 325 hivi baada ya kuchomoa waya. Zimwage kwa balbu au rezista kubwa, si kwa bisibisi. Unapowasha mara ya kwanza baada ya matengenezo, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 100. Na wewe mwenye mashine, ukiambiwa IGBT zimeungua kwa mara ya pili, muulize fundi kama ameipima ile dayodi ikiwa nje ya bodi kabla hujampa pesa ya nyingine.